Tusiwadharau vijana wanaoipenda Wakanda

Mhariri,

Nimesikia mara nyingi, hata kwa walimu wenzangu hapa Arua, kwamba kijana wa Uganda anayeshabikia filamu ya Black Panther anashabikia ndoto ya Wamarekani: nchi isiyokuwepo, madini yasiyokuwepo, mfalme anayeruka kama chui. Ni kweli Wakanda haipo. Hata hivyo naomba nafasi niitetee filamu hiyo, na zaidi niwatetee vijana wanaoipenda.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, VJ, yaani msimulizi wa filamu, akitutafsiria kwa Kiluganda, tunakumbuka tulichokuwa tukitazama. Stelingi alikuwa Mzungu au Mchina. Mtu mweusi akitokea, alikuwa rafiki wa stelingi, na mara nyingi alikufa kabla filamu haijafika nusu. Hadithi ikiletwa Afrika, sisi tulikuwa watu wa kukimbia risasi na kungoja kuokolewa. Mwaka 2018, kwa Black Panther, mwongozaji Ryan Coogler alituletea Waafrika wasiongoja mwokozi. Ugomvi ni wao, suluhu ni yao.

Ugomvi wenyewe ndio unaowashika wanafunzi wangu kuliko mapigano. Killmonger, adui mkuu wa filamu, ni mtoto wa baba mdogo wa T'Challa, mfalme wa Wakanda. Aliachwa Oakland, Marekani, baada ya baba yake kuuawa na mfalme wa wakati ule, baba wa T'Challa, aliyekuwa kaka wa marehemu. Anarudi ukubwani na swali zito: mlikuwa na nguvu zote hizi, mbona mlinyamaza watu weusi wakiteswa duniani kote? T'Challa anamshinda vitani, lakini mwishowe anaifungua nchi yake, kwa sababu swali lile lilikuwa la haki. Nimewasikia vijana wakibishana: je, ukatili wa Killmonger unaiharibu hoja yake? Mwenye nacho ana deni gani kwa ndugu aliye mbali? Hapa West Nile tumeishi na wakimbizi wa Sudan Kusini kwa miaka mingi. Baadhi ya wanaobishana darasani wamezaliwa ng'ambo ya mpaka. Hakuna haja ya kuwaeleza maana ya kufunga mpaka.

Wasichana, kwa upande wao, humtaja Shuri, dada wa mfalme, kwa sababu mitambo yote ya Wakanda inatoka kwenye maabara yake. Nani atawalaumu?

Tena si kweli kwamba filamu hiyo haituhusu. Ayo, mmoja wa askari wanawake wanaomlinda mfalme, ameigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. W'Kabi ni Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London na wazazi Waganda. Baadhi ya mandhari ya Wakanda yanayoonekana kutoka angani yalipigwa picha hapa Uganda, kwenye msitu wa Bwindi na milima ya Ruwenzori. Inaniuma kwamba watoto wetu wengi wameitazama milima yao wenyewe bila mtu wa kuwaambia.

Ombi langu kwa wakuu wa shule: msiipige marufuku kama mchezo wa kitoto. Wapeni wanafunzi alasiri moja waitazame, kisha wajadiliane. Wangu wameshachagua hoja: "Wakanda ilikosea kujificha." Shule yoyote ya West Nile itakayotaka kuleta wasemaji wa upande wa kupinga inakaribishwa muhula ujao.

Mwalimu wa sekondari,
Arua