Mpira wa kabureta usifungwe kwenye gari la EFI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari wanaojibadilishia filta na mipira ya petroli uani kwao. Kazi yenyewe si ngumu. Huharibikia mahali padogo ambapo muuza spea na mnunuzi wote hupachukulia poa: mpira na klipu yake.

Pampu ya gari la kabureta husukuma petroli kwa psi (kipimo cha shinikizo) 3 hadi 6 tu. Ya EFI, yaani gari ambalo petroli hupulizwa na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme badala ya kabureta, na ndiyo mengi ya haya tunayoagiza Japani, husukuma kama psi 40 au zaidi. Ile mipira myeusi inayokatwa kwa mita madukani hufanana kabisa kwa macho, hivyo soma maandishi ya ubavuni. 30R7 ni wa shinikizo dogo. Wa EFI ni 30R9. Usio na maandishi, mwachie mwenye duka. Kipande cha ndani ya tangi kinataka 30R10, maana 30R9 hustahimili petroli upande wa ndani tu. Ukiuzamisha, ganda lake la nje huvimba na kulainika.

Klipu nayo ina mambo yake. Yenye matundu kwenye ukanda, ukiikaza sana, mpira hujipenyeza kwenye matundu na kukatika taratibu. Tafuta yenye ukanda laini, kingo zake zimekunjwa kwa nje. Ingiza mpira kama sentimita 2.5 upite ule mwinuko wa bomba, kisha klipu ikae nyuma ya mwinuko, si juu yake.

Kabla ya kufungua chochote, toa shinikizo. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini, iache izimike yenyewe, piga stata tena sekunde chache, ndipo utoe waya hasi wa betri. Hata hapo petroli kidogo itaruka, kwa hiyo zungushia kiungo kitambaa na uvae miwani. Fanyia kazi mahali pa wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, hujaa shimo la gereji, na unaweza kulifuata jiko la jirani anayekaanga samaki. Kizimamoto cha unga kiwe karibu, si ndoo ya maji.

Filta yenye boliti la tundu, lile linalopitisha petroli ndani yake, ina washa (ringi bapa za kuziba) mbili laini. Badilisha zote mbili, kwani zilizokwisha kubanwa hazikai tena sawasawa. Nati ya bomba la chuma hufunguliwa kwa spana mbili, moja ishike na nyingine izungushe, la sivyo bomba linajisokota. Viungo vya plastiki vya kubofya vioshe tope kwanza. Bofya kwa vidole, usitumie bisibisi. Wakati wa kurudisha, weka tone la oili safi, sukuma hadi usikie "ta!", kisha vuta kuhakikisha kimeshika.

Sabuni ya mche inaweza kuziba tone la tangi hadi ufike gereji, lakini kwenye laini ya EFI itasukumwa nje. Utepe mweupe wa mafundi bomba ni mbaya zaidi, kwani nyuzi zake huishia kwenye nozeli.

Ukimaliza, rudisha fyuzi na betri, weka swichi on mara tatu nne bila kupiga stata, umulike kila kiungo. Pakiwa pakavu, washa dakika kumi, umulike tena injini ikiwa ya moto.

Wenye dizeli za komon reli (zile ambazo bomba moja la shinikizo kubwa hugawia nozeli zote), laini za kwenda kwenye nozeli msizifungue wenyewe. Shinikizo lake hupita bar 1,000, na mchirizi usioonekana hupenya ngozi. Msitafute uvujaji kwa kidole. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa ileile, hata kidonda kikiwa kama tundu la sindano.

Fundi wa magari,
Ilala, Dar es Salaam