Barua kwa mwanangu: tulipokwenda Peramiho kwa miguu

Songea, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, bibi yako anakusalimu, na goti lake limepata nafuu.

Uliniuliza kwenye simu kuna nini Peramiho zaidi ya hospitali uliyozaliwa. Nilikosa jibu la haraka, na hilo likanisumbua. Basi jana mimi na mdogo wako tulifunga safari kwa miguu, kilometa kama 24. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri na chupa ya togwa na viazi vya kuchemsha. Jua lilipochomoza nyuma yetu juu ya milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, tulikuwa tumeshapita Ruhuwiko.

Ile njia ukiwa ndani ya gari huijui. Unapanda kilima, unadhani umemaliza, kumbe mbele kuna bonde na kilima kingine, mahindi huku na huku, na udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu. Mdogo wako alikuwa akisimama kila penye msuku, ule mti wa matunda ya porini. Bodaboda walitusimamia mara nyingi, wakishangaa mama mzima anatembea na mtoto wakati nauli ipo. Tuliwashukuru, tukaendelea. Baba yangu alinipitisha njia hii kwa miguu nikiwa na miaka tisa, na aliyonieleza njiani ndiyo ninayotaka uyajue.

Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifika Peramiho mwaka 1898, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss. Hapo jirani, Maposeni, ndiko alikokaa Nkosi, yaani chifu wa Wangoni, Mputa Gama. Mputa alikuwa na kibanda cha mahoka, alikoomba kwa wazee wake waliotangulia. Padre mmoja wa misheni akakichoma moto. Mwanangu, mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa na kufunga ndoa kanisani, lakini hapo sina la kumtetea yule padre. Alichoma nyumba ya sala ya watu.

Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni, nchi ya Wangoni, mwaka 1905, misheni ya Peramiho nayo ikateketezwa. Spiss, wakati huo akiwa askofu, alikuwa ameshauawa mwezi Agosti akiwa safarini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kisha Wajerumani wakalipiza kwa kuchoma vijiji na maghala, na njaa ikaua watu wasio na hesabu. Tarehe 27 Februari 1906 Mputa alinyongwa hapa Songea pamoja na wenzake, wale tunaowakumbuka kila mwaka makumbusho. Kabla ya kitanzi, alibatizwa. Baba yangu alipofika hapo kwenye masimulizi yake alinyamaza kwa kilima kizima, na mimi jana nilinyamaza vilevile.

Tulifika saa saba mchana, miguu inawaka. Watawa walirudi na kujenga upya, na mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia, yaani monasteri inayoongozwa na abati. Tulikaa kanisani kwenye ubaridi, mdogo wako akalala begani kwangu. Baadaye nikampitisha kwenye karakana na hospitali, maana wamonaki wa Mtakatifu Benedikto husali na kufanya kazi. Mafundi wangapi wa mkoa huu wamefundishwa pale, seremala, waashi, wachapaji! Mjomba wako ni mmoja wao, na meza unayosomea ukiwa nyumbani ni ya mkono wake. Jioni tukasikiliza masifu, sala ya watawa ya kuimba. Waliokuwa wakiimba, wengi ni watoto wa nchi hii, na walikuwa wakiimba kwa Kiswahili.

Tulipotoka, mdogo wako akauliza, "Mama, na kile kibanda cha Mputa kilikuwa wapi?" Jua lilikuwa linazama na gari la mwisho linapiga honi. Nikamwambia tutakwenda.

Ukija likizo ya Desemba, lete raba nzuri. Safari hii tutapitia Maposeni kwanza.

Akupendaye,
Mama