Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kazi ya Chama na Vijana

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha yamo katika taarifa ya mhazini, na mihtasari ya vikao anayo katibu. Mimi nitajikita kwenye kazi yenyewe, hasa lile badiliko ambalo baadhi yenu mlilipinga katika mkutano mkuu uliopita: kuachana na semina kubwa za ukumbini na kuhamia kwenye vikundi vidogo vyenye kazi ya kufanya.

Semina zilipendeza machoni. Ukumbi ulijaa, msemaji alichangamsha, makofi yakapigwa na picha zikapigwa. Wiki iliyofuata, kijana yuleyule akiombwa asome ajenda mbele ya watu kumi, anainamisha kichwa. Mwanasaikolojia Albert Bandura alikwishaeleza jambo hili mwaka 1977. Imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza hujengwa na mambo manne: kulifanya mwenyewe akafaulu, kumwona mtu wa hali yake akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi anavyoutafsiri mwili wake unapotetemeka au moyo unapomwenda mbio. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote. Semina zetu ziliegemea la tatu, basi.

Sasa kila kikundi kina vijana 8 hadi 12 na walezi 2, nao hukutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 12. Wakiwa chini ya wanane, wawili wakikosa tu kikao kinapwaya. Wakizidi kumi na wawili, wapo watakaorudi nyumbani bila kufungua kinywa. Walio chini ya miaka 18 tunawaweka peke yao. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, huhesabu vijana kuanzia miaka 15 hadi 24, lakini wa 15 akikaa na wa 24 kwenye kikundi kimoja, mkubwa ndiye atakayesema na mdogo atatikisa kichwa.

Kusema mbele ya watu ndiko kulikotufundisha mengi. Tunapanda kwa hatua tano. Kwanza kijana anazungumza na mwenzake mmoja, wote wamekaa. Kisha anamtambulisha mwenzake huyo kwa watu wanne. Halafu anasimama kwa sekunde 30, baadaye dakika 1, na mwisho dakika 3 pamoja na maswali mawili. Hatua hairukwi, na kila moja inarudiwa angalau mara mbili kabla ya kwenda mbele. Kosa letu la mwanzo lilikuwa kuruhusu hotuba iliyoandikwa yote. Mkono ukitetemeka, karatasi nyepesi hutetemeka zaidi na kupiga kelele, na kijana anajua kila mtu ameisikia. Akipoteza mstari, ndiyo basi tena. Siku hizi anashika kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja yenye maneno matano ya kumkumbusha, na anakariri sentensi ya kwanza tu. Akishaivuka hiyo, sauti hutulia.

Mrejesho nao una utaratibu. Msemaji anaanza mwenyewe kutaja kilichokwenda vizuri, kisha mwenzake anataja kimoja kilichomgusa na kimoja cha kurekebisha safari ijayo. Kimoja tu. Walezi wetu wengine, kwa nia njema kabisa, walikuwa wanatoa saba, na kijana alikuwa anaketi akikumbuka yote saba na kusahau kwamba amemaliza.

Kwa wale wawili watatu wanaojibu kila swali kikundini, tunatumia vijiti: kila kijana anapewa vitatu, akisema anaweka kimoja mezani, vikiisha anasikiliza. Wakimya hawalazimishwi kuvimaliza. Na mlezi asishike kalamu ya ubaoni. Hili linaonekana dogo, lakini mtu mzima akishaanza kuandika, mawazo yanageuka kuwa majibu ya darasani, kila mtu akikisia anachotaka mwalimu.

Kuanzia wiki ya tano kikundi huchagua kazi yake. Kila wazo linapitishwa kwenye maswali matatu: tunaweza kuimaliza kabla ya wiki ya kumi na mbili? Ni nani ambaye ni lazima akubali, na nani ataenda kumwomba? Tutajuaje kwamba imekwisha? Swali la tatu ndilo huangusha mawazo mengi, na ni vizuri liyaangushe mapema. Kusafisha mazingira, kwa mfano, hakuna mwisho, ila kuondoa taka katika eneo lililopimwa na kuweka mapipa mawili yenye zamu ya kuyamwaga kuna mwisho.

Fedha za kazi hiyo wanazishika vijana wenyewe. Daftari lina safu tano: tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka, salio. Wawili huhesabu kila mwisho wa kikao na wote wawili hutia sahihi. Salio lisipolingana, mara nyingi sababu ni risiti zinazongojewa hadi mwisho wa wiki, au nauli iliyotolewa bila kuandikwa. Nawasihi walezi: msichomoe pochi kuziba pengo. Pengo likizibwa kimyakimya, kijana anajifunza kwamba hesabu hujisahihisha zenyewe. Liandikwe kama lilivyo, litafutwe, na lisipopatikana liingie kwenye taarifa ya kikundi.

Mahudhurio hulegea karibu na wiki ya nne, ugeni unapokwisha kabla matunda hayajaonekana. Anayekosa mara moja huona haya kurudi, hivyo anakosa tena. Dawa yetu ni ujumbe mfupi kwenye simu ya kijana au ya mzazi, ndani ya siku mbili, kutoka kwa kijana mwenzake, unaosema kazi gani inamngoja kikao kijacho. Hauulizi alikuwa wapi. Kwa wasichana sababu ilikuwa nyingine kabisa: kikao kilikwisha giza likiwa limeingia, na wazazi walikataa, tena kwa haki. Tulisogeza saa, hatukuhitaji hotuba ya uhamasishaji.

Kuhusu ulinzi wa walio chini ya miaka 18, sitarefusha kwa kuwa kanuni mnazo. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto faraghani, wala kumwandikia ujumbe wa siri. Mtoto akieleza kwamba ameumizwa, usimwahidi kuwa hutamwambia mtu yeyote. Sikiliza, usimhoji, andika maneno yake kama alivyoyasema pamoja na tarehe na saa, umpe msimamizi wa ulinzi siku hiyohiyo.

Sasa kuhusu sisi wenyewe. Mtafiti Roger Hart, katika andiko lake la UNICEF la 1992, alichora ngazi ya ushiriki yenye vipandio 8, na vitatu vya chini akasema si ushiriki kamwe: kuwatumia watoto, kuwafanya mapambo, na kuwaweka kwa jina tu. Katika siku ya chama vijana walisimama mlangoni na mabango ambayo tuliyaandika sisi. Hicho ni kipandio cha pili. Kamati inapendekeza viti viwili vya vijana katika kamati tendaji, vyenye kura. Viwili, kwa sababu kijana mmoja kati ya watu wazima tisa atanyamaza hata awe hodari vipi. Nyaraka za kikao wapewe siku saba kabla, kama wajumbe wengine, maana mtu hawezi kuchangia karatasi anayoiona kwa mara ya kwanza mezani.

Pendekezo la pili ni kuacha vyeti vya kuhudhuria. Badala yake kijana apewe barua inayotaja alichofanya: ameweka hesabu ya kikundi kwa wiki nane, ameendesha vikao vitatu, ameandika barua ya maombi iliyojibiwa. Mwajiri anaweza kuuliza swali juu ya hayo, na kijana akajibu. Barua isainiwe na mlezi aliyeyaona, si mwenyekiti.

Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura baada ya taarifa ya mhazini. Wanachama wanaotaka kuwa walezi wa awamu ijayo wampe katibu majina yao pamoja na ya wadhamini wawili wasio ndugu zao. Tutawasiliana na wadhamini kabla ya mafunzo kuanza, na asiye na wadhamini hatapangiwa kikundi, hata kama ni mwanachama wa siku nyingi.