Mpeleke mzee msituni

Shoga yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na kabla ya mengine nikujibu lile linalokutia wasiwasi. Umeuliza kama baba yako ataweza matembezi ya msituni na goti lake lile. Ndiyo, mpeleke. Goti likimsumbua mtakwenda taratibu. Tena nakuambia, anayekwenda taratibu ndiye anayefaidi.

Juzi nilitoka na shangazi. Unamjua alivyo: fimbo mkono huu, pochi mkono ule, na swali kwa kila anachokiona. Nilikuwa nimepanga tufike kijitoni ndipo turudi. Kijito hatukukiona. Saa nzima ilipita na bado tukiwasikia watu wanaopiga soga pale njia inapoanzia.

Kilichotukamata kwanza ni gogo. Mti mkubwa ulianguka, siku nyingi tu kwa jinsi ulivyooza, mimi nikataka tuuzunguke tupite. Shangazi akachomeka ncha ya fimbo kwenye gome, likabanduka pande zima, na chini yake zikaonekana nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetandaa kila upande. Alidhani ni utando wa buibui. Nikamwambia huo ndio uyoga wenyewe. Kile kimwavuli tunachokiona nje ni cha kutawanyia vimbegu tu, mwili uko ndani ya mti unaula polepole. Akaitazama fimbo yake, akauliza, "Kwa hiyo siku zote tunachuma kofia, mwenyewe yuko chini anatusikiliza?"

Kisha akatazama juu. Pale ulipokuwa mti pamebaki uwazi, jua linashuka mpaka chini, na miche imejazana kuliko kwingine kote. Usidhani yote imeota baada ya mti kuanguka. Kuna miti inayoweza kukaa kivulini miaka na miaka, mifupi vilevile, mpaka mkubwa aanguke na mwanga uwafikie, ndipo hukimbilia juu. Nilipomweleza hivyo shangazi akacheka mpaka akashika kiuno. "Ndivyo baba yako alivyoingojea baiskeli ya kaka yetu!" Kumbe baba alijifunza kuendesha usiku, akiitoa ndani kwa kuibeba mabegani ili mnyororo usilie. Miaka yote hii sijawahi kulisikia, na mwenyewe nilipomuuliza jioni alikana katakata.

Lakini kilichomaliza kazi ni ule mti wa jamii ya mkuyu, wale wanyongaji. Ndege au popo hudondosha mbegu kwenye tawi la mti mwingine, mche ukaota huko juu, ukateremsha mizizi mpaka ardhini. Mizizi hunenepa, hukutana, huungana, ikamzunguka mwenyeji pande zote. Huku chini anagombewa maji, kule juu anazibiwa jua. Mara nyingi mwishowe mwenyeji hufa, akaoza, akaisha kabisa, mgeni akabaki amesimama peke yake na uwazi tumboni. Huu tulioukuta ulikuwa na mwanya kama wa mlango. Shangazi akaingiza kichwa, halafu bega, halafu sikumwona tena, nikabaki na pochi yake. Sauti ikatoka ndani: "Mgeni huyu kazidi!" Nami nikaingia. Ukiinua macho unaona vipande vya anga kati ya mizizi iliyopishana, na ukuta ukiushika ni wa baridi, ingawa nje jua lilikuwa kali. Tulikaa humo tukiwateta ndugu ambao nao walikuja kwa siku mbili tatu. Majina nitakutajia tukionana.

Sasa ya kwako. Mvalishe mzee viatu vya kufunga, soli yenye meno, maana majani yaliyolowa huteleza vibaya. Akitaka kuketi kwenye gogo, kagua kwanza. Siafu hawana heshima kwa wazee. Beba maji, wewe ndiye ubebe. Na la muhimu kuliko yote, geuzeni angali na nguvu. Yeye hatakuambia kwamba amechoka, baba yako namjua, atasema "twende tu mpaka ile kona." Ukimwona anasimama mara kwa mara kusifia miti ambayo haina lolote la kusifiwa, ujue goti limeshasema.

Shangazi anataka turudi wiki ijayo, eti tukafike kijitoni. Sina imani hiyo. Kama mtakuja tuungane naye, nijulishe mapema nimwambie aache pochi nyumbani.

Wako akupendaye.