Mhariri, mmelisahau bomba la moshi la boila

Mhariri, salaam. Ile makala yenu ya kutunza boila ya gesi ya nyumbani nimeisoma mara mbili na nashukuru mmeiandika, presha ya maji mmeeleza, thamostati mmeeleza, kutoa hewa kwenye radieta mmeeleza vizuri kabisa, lakini bomba la moshi limepata sentensi moja tu kule mwishoni, kwamba liangaliwe lisizibe, basi. Naomba mnipe nafasi kidogo kwasababu hilo bomba ndo lilitaka kutumaliza nyumba nzima na siwezi kusoma nikanyamaza.

Kwa karibu wiki tatu mke wangu alikua anaamka kichwa kinamgonga, mtoto wetu wa mwisho anatapika asubuhi akienda shule mpaka mchana ashachangamka, mimi mwenyewe kazini niko fresh nikirudi jioni mwili wote unaisha nguvu. Tukasema ni mafua yanazunguka. Lakini hakuna aliekua na homa, na mafua gani hayo yanayokuacha ukitoka mlangoni kwako alafu yanakusubiri urudi? Dada yangu alikua ametupa alamu ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, ilikaa kwenye boksi lake miezi, Jumamosi moja nikaifunga ukutani na usiku uleule ikalia. Fundi alipofungua dari akakuta kiungo cha bomba la moshi kimeachia, uwazi wa kupitisha vidole viwili. Kuna mtu alipanda kule juu kupitisha nyaya, akaliegemea bomba, akashuka akaenda zake, na sisi tukabaki tunalala chini ya moshi.

Watu wengi niliowasimulia wananiuliza swali moja, kwani hamkusikia harufu? Hapa ndo pa kuelewa jamani. Ile harufu tunayoijua ya gesi ni dawa inayotiwa makusudi kwenye gesi mbichi ili ikivuja ujue, ikishaungua ile dawa nayo imeungua. Gesi ikipata hewa ya kutosha inaungua ikatoa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, hewa ikipungua ndo inazaliwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haina ladha. Na himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, inaishika zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwahiyo kidogo tu hewani ni kingi mwilini. Hata ukitoka nje kupumua hewa safi, inachukua kama saa 4 mpaka 5 nusu yake iondoke kwenye damu, nilipoambiwa hivo na daktari ndo nikaelewa kwanini mtoto alikua anachangamka mchana na sio pale pale getini shuleni.

Sasa mabomba yenyewe. Kuna boila za zamani zinazovuta hewa ya chumbani na kupandisha moshi kwenye dohani kwa nguvu ya joto lake tu. Hizi zinahitaji lile tundu la hewa ukutani liwe wazi muda wote, na ndilo watu wanaloliziba na matambara kwasababu baridi inaingia. Usilizibe hata siku moja. Na ukiwa na feni kubwa ya kutoa moshi jikoni karibu na boila ya aina hii, mwambie fundi apime ikiwa inazunguka, manake inaweza kuuvuta moshi ukarudi chini badala ya kwenda juu.

Hizi za kisasa nyingi bomba lake ni mawili, moja ndani ya jingine, la ndani linatoa moshi na la nje linaingiza hewa, ya chumbani haiguswi. Watu wakisikia hivo wanasema basi imefungwa iko salama. Ni salama ndio, mpaka sili ya ndani, ule mpira unaoziba kiungo, ichoke, hapo moshi unapenya kwenye hewa inayoingia, boila inaanza kupumua uchafu wake yenyewe na inaungua vibaya zaidi. Hii huwezi kuiona kwa macho. Lakini kuna kipimo, fundi anachomeka mrija wa mashine yake kwenye tundu la upande wa hewa inayoingia, hewa ya nje ina oksijeni kama asilimia 20.9, akikuta imeshuka chini ya 20.6 ajue moshi unavuja ndani ya bomba. Ni dakika chache tu. Muulize fundi wako amepata namba gani, kama hajui unauliza nini tafuta mwingine mwenye leseni.

Alafu kuna suala la mteremko, hili naona halisemwi popote. Boila hizi zinapooza moshi kiasi kwamba chini ya nyuzi 55 hivi mvuke unageuka maji, na hayo maji yana asidi. Kwahiyo bomba linalolala linafungwa likiinamia kwenye boila ili maji yarudi kule yatoke kwenye mpira wake, na klampu zinalishika lisilegee. Likilegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo maji yanatuama pale, njia ya moshi inabana na viungo vinaanza kuachia. Na kama bomba limepita juu ya dari pawe na vidirisha vya kukagulia, bomba lisiloonekana halikaguliwi, sisi tumejifunza kwa gharama kubwa. Kiungo kikiachia usikubali mtu azungushie tepu au apake silikoni, viungo na sili viwe vya mtengenezaji wa boila hiyo hiyo.

Kazi ya mwenye nyumba ni macho. Toka nje utazame mdomo wa bomba, kuna kiota, majani, mmea umepanda ukafunika, au umeongeza kibaraza ukakifunga vioo na bomba limebaki linapumulia ndani. Ule ukungu mweupe siku ya baridi usikutishe, mara nyingi ni mvuke tu. Kinachotakiwa kukutisha ni masizi meusi kwenye boila au ukutani, moto wa njano pale unapotakiwa kuwa bluu, kile kimoto kidogo kinachozimika zimika, au madirisha ya chumba chenye boila kulowa ovyo. Ila mfuniko wa boila usiufungue mwenyewe, nyingi ule mfuniko nao ni sehemu ya kuzuia moshi, ukiurudisha vibaya umetengeneza tundu. Fundi mwenye leseni aje kila mwaka.

Alamu nunueni, sitachoka kusema, lakini isiwe kisingizio cha kumkwepa fundi. Kiwango kidogo kama ppm 50, yaani sehemu 50 za gesi hii kwenye milioni moja za hewa, alamu nyingi zinalia baada ya saa nzima au zaidi, hazilii papo hapo. Nyuma yake kuna tarehe ya mwisho, ikipita ile sensa imekufa hata kama taa inawaka. Na ikilia zima boila kama iko njiani, fungua milango na madirisha, toeni watu wote nje, pigeni simu ya dharura, boila isiwashwe tena mpaka ikaguliwe. Hospitali waambieni wazi kwamba mnahisi ni kaboni monoksaidi wapime damu mapema, kile kidude cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa kabisa wakati sio kweli, hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksaidi kwenye damu. Mke wangu kilisoma 98 na alikua hawezi kusimama.

Ombi langu mhariri, kwenye toleo lijalo wekeni mchoro wa bomba zima, kutoka kwenye boila mpaka mdomo wa nje, mwonyeshe viungo viko wapi na mteremko unaelekea wapi, ili mpangaji akikaa na mwenye nyumba awe na kitu cha kumwonyesha kwa kidole. Picha za kwetu zipo, kabla na baada, nitawatumia bure mkizihitaji.

Msomaji wenu wa siku nyingi