Barua kwa Somoe, anayetaka kutengeneza manukato

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Ujumbe wako tumeusoma, mimi na mama yako, na yeye amefurahi kupita kiasi. Anaona kazi umeshaipata: utarudi, mtafungua duka, mtauza udi. Nimemwacha na furaha yake. Mimi nimefundisha kemia miaka mingi, nimezoea kuuliza maswali kwanza.

Umeandika kwamba unataka kuwa mtengeneza manukato kwa sababu tangu utotoni una pua kali. Pua kali si haba, lakini sababu hiyo naiona nyepesi. Ingekuwa pua tu, mbwa wa bandarini wangekuwa matajiri. Watu wa fani hii husimulia habari za Jean Carles, Mfaransa aliyeanzisha shule ya manukato mjini Grasse mwaka 1946. Inasemekana uzeeni pua yake iliacha kunusa kabisa, naye akaendelea kutunga. Malighafi zote alikuwa nazo kichwani; alijua hii ukiikutanisha na ile, kwa kiasi hiki, kutatoka nini. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, mama: kukumbuka na kupima.

Mtindo wake wa kufundisha unaweza kuuanza leo hapo kwa shangazi yako. Usinuse ovyo. Anza na vitu viwili vilivyo mbalimbali kabisa, tuseme ndimu na karafuu, kisha sogea taratibu kwenye vinavyokaribiana: chungwa na chenza, karafuu na mdalasini. Kwenye vinavyokaribiana ndiko wanakokwama wengi. Chovya kipande cha karatasi, andika jina na saa, nusa, rudia baada ya saa moja, rudia kesho yake. Ndimu itakuwa imeshakwenda zake. Langilangi utaikuta kwa mbali. Udi wa mama yako utaukuta hata keshokutwa. Manukato hupangwa kwa kufuata huko kuondoka: vyepesi vya kukaribisha, vya kati, na vizito vya kubaki kwenye nguo. Mama yako hakuyasoma popote haya, lakini harusini wageni huwanyunyizia marashi kwa mrashi pale mlangoni, na nguo za biharusi huzifukiza kwa chetezo tangu jana yake.

Halafu umeniuliza hawa watu mawazo huyatoa wapi. Hapo umeuliza la maana. Yuko Jean-Claude Ellena, mzaliwa wa hukohuko Grasse, aliyeanza akiwa kijana mdogo kwa kufanya kazi kiwandani. Baadaye, akiitungia kampuni ya Hermès ya Ufaransa, alikwenda Aswan, Misri, akitafuta harufu ya Nile. Akanusa huu na ule, na kilichomkamata ni maembe mabichi mtini. Manukato yale yalitoka mwaka 2005. Embe bichi! Sisi tunalila kwa chumvi na pilipili, hatukuwahi kufikiri mtu atalivaa. Na usidhani alikamua maembe. Harufu ile aliijenga kwa vitu vingine kabisa, mpaka pua ya mnusaji ikaliona embe ambalo halimo.

Kwa hiyo lile wazo lako la waridi wa Ufaransa, ambao hujauona, liweke pembeni kwanza. Mwezi wa saba njoo nyumbani, upande gari hadi Newala. Mikorosho inakuwa na maua, na wakulima wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Utamu wa ua na ukavu wa salfa vinakuja kwenye upepo mmoja. Mgeni huziba pua, ila mimi naona hapo pana kitu, na sijasikia mtu aliyekitunga. Baadaye yanakuja mabibo yaliyoanza kuchacha chini ya mti. Andika hayo yote, kwa maneno yako.

Harufu mbaya usizikimbie. Kwenye asumini anayotungia vikuba mama yako mna indoli, na indoli hiyohiyo imo kwenye kinyesi. Ikiwa chembe, ua linakuwa ua. Ikizidi, umeharibu kazi. Ndiyo maana nakusihi kemia usiiache. Karafuu ya Pemba sehemu kubwa ya mafuta yake ni eujenoli, na wakemia walishajua kuigeuza eujenoli hiyo kuwa vanilini, harufu ya vanila. Germaine Cellier, mwanamke aliyetunga manukato ya Fracas mwaka 1948, fani ikiwa imejaa wanaume, alisoma kemia kwanza. Na kukeneka mafuta ya maua hakuhitaji ukaogopeshwe na mitambo ya Ulaya: mvuke unapanda, unapoozwa, unadondoka. Bibi yako mzaa mama alikeneka nipa, pombe kali ya mabibo, kwa chungu na bomba (hili libaki ndani ya familia), na jirani zetu wa Ngazija hukeneka langilangi inayokwenda hadi kwa Wafaransa, kwa kanuni ileile.

Shule zipo. Iko ISIPCA, ya tangu 1970, pale Versailles. Na ile ya Carles ikaja kuwa ya kampuni ya Givaudan, ambayo huchukua wanafunzi wachache sana. Ada za huko pensheni ya mwalimu haizifikii, nakwambia mapema tusije tukadanganyana. Chukua digrii ya kemia hapa nchini, jaza madaftari ya harufu, halafu tutaomba ufadhili ukiwa na cha kuonyesha. Kusomea famasia sikulazimishi.

Nimempa kondakta wa basi la kesho kiboksi chako. Mna mizani ndogo, vidondoshi, karatasi nilizokata mwenyewe, na udi wa sukari wa mama yako, ambao shangazi yako asiumalize. Mafuta ya karafuu usiyatie mwilini bila kuyachanganya, yanaunguza ngozi. Chupa nyingine mbili ni za mafuta ya nazi yaliyolowekwa maua: moja asumini, moja langilangi. Majina sikuyaandika. Nusa, kisha nipigie uniambie ipi ni ipi.

Baba yako