Kwa pacha wangu, unayeanza uinchaji, yaani usimamizi wa wodi

Pacha wangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi huku wazima, ila mvua haijatuacha, na mama bado anakuulizia kila nikimpigia simu. Habari kwamba umekabidhiwa wodi ya upasuaji nimezipata kwa wenzetu kabla yako, lakini nimekusamehe. Hongera sana. Ulistahili siku nyingi.

Umeniuliza kipi kilinisumbua zaidi mwaka huu wa kwanza wa kusimamia wodi ya wazazi. Ungeniuliza mwanzoni, ningekujibu rosta, ile ratiba ya zamu. Inachosha kweli: huyu ananyonyesha, yule anasoma wikiendi, mwingine kafiwa, na usiku wanatakiwa wawili wakati unaye mmoja. Lakini hiyo utaizoea. Ibandike mapema, na jina lako lionekane kwenye zamu za usiku. Mimi najipanga mbili kila mwezi, na manung'uniko yamepungua.

Kilichonishinda hasa ni ulimi wangu.

Mwezi wa tatu wa uinchaji, muuguzi mmoja mgeni, hata miezi sita kazini hajafikisha, alikuja kuniita mbio kwa mzazi aliyekuwa anatetemeka. Nikaacha hesabu ya dawa nikaenda. Ilikuwa ile baridi tu inayowapata wengi wakishajifungua. Nikamfokea palepale, mzazi na ndugu zake wakisikia: "Chuoni ulifundishwa nini?" Nikarudi mezani, nikasahau.

Kesho yake binti yuleyule alikuwa na mama wa uzao wa tano. Amejifungua salama, kondo limetoka lote, oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 kachomwa pajani. Baada ya muda pedi ikalowa, akaibadilisha. Ikalowa tena, akabadilisha. Akaandika kwenye faili: "Anatokwa damu kiasi." Mimi nilikuwa chumba cha pili tu. Nilipita kwa shughuli nyingine, nikaona midomo ya yule mama imepauka. Nikaweka mkono tumboni: mji wa mimba laini kabisa, haujajikaza. Unajua mwenyewe, pacha, mwili unavyokufa ganzi pale.

Tulikanda tumbo, dripu ya oksitosini ikaingia, asidi ya traneksamiki, ya kusaidia kuzuia damu, gramu 1 polepole kwenye mshipa, kateta ya mkojo, daktari akafika, maabara wakaleta damu. Aliongezewa chupa mbili. Alipona, Mungu ni mwema, akarudi kwake na mwanawe.

Jioni nilikaa na yule binti kwenye benchi la nyuma, wanapoanika mashuka. Nikamuuliza kwa nini hakuniita. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Sista, nilikuogopa."

Alikuwa ameona kila kitu, tena mapema kuliko mimi. Kilichomfunga mdomo ni mimi.

Nilimwomba radhi pale pale. Na kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu, asubuhi wakati wa ripoti niliwaeleza wote nilichofanya na kilichotaka kutokea. Kulikuwa na kimya cha ajabu. Nilidhani nimejishusha, lakini wiki ile ile muuguzi mzoefu, mwenye miaka mingi kuliko mimi, alinifuata kuniambia kuwa friji ya dawa ilikuwa imezimika usiku kucha. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8; ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu, na kwa macho huwezi kujua. Sijui kama angeniambia mwezi uliotangulia.

Tangu hapo ripoti hatupokei tena mezani tukisoma kitabu. Tunakwenda kitanda kwa kitanda, anayetoka na anayeingia. Anayeingia anagusa tumbo, anaangalia pedi, anasoma mfuko wa mkojo, ndipo anasaini. Zamu inachelewa kutoka dakika 20 hivi, na walilalamika, nami sikurudi nyuma. Kwako itakuwa dreni, mirija ya kutoa majimaji kwenye kidonda, na bandeji; fanya hivyo hivyo.

Na kukisia damu kwa jicho nimeacha. Umesikia ule utafiti wa E-MOTIVE wa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, matokeo yake yakatoka 2023? Mzazi anawekewa plastiki yenye mistari ya kipimo, damu inapimwa, na ikizidi, tiba zote zinaanza kwa pamoja bila kusubiri moja ishindwe. Waliopata madhara makubwa ya kuvuja damu walipungua kwa asilimia 60. Plastiki hizo huku hazitutoshi, kwa hiyo tunapima pedi kwenye mizani: unatoa uzito wa pedi kavu, kila gramu inayobaki unahesabu mililita 1. Ikifika mililita 500 hatubishani tena kama ni nyingi au kidogo.

Yule binti sasa ananiita bila kusita. Wiki hii mara mbili, na mara zote hapakuwa na tatizo. Nimekwenda, nimeangalia, nimemshukuru. Jumapili usiku tumepangwa pamoja.

Nipigie Jumatatu mchana, nikishaamka. Nataka kujua una vitanda vingapi, usiku unao wangapi, na nani anakusaidia.

Nakukumbuka sana,
Pacha wako